Mwavuli Nyuma ya Mpigaji

Kadi ya besiboli iliyo nambari moja katika mkusanyiko wangu, ukiipeleka dukani, mwenye duka atakurudishia pamoja na pole. Haina thamani yoyote. Mchezaji aliyemo alikuwa wa timu ya wageni, alipita Minneapolis kama upepo wa mlangoni, na sijawahi kukutana na mtu anayemkumbuka, labda awe mama yake mzazi. Hata hivyo nimeiweka mfuko wa katikati, mahali ambapo watu wenye akili timamu huweka mashujaa, na kabla ya kumwonyesha mgeni huwa nanawa mikono. Usicheke. Kuna watu hunawa mikono kwa ajili ya ugali tu.

Mimi ni mtu wa Kitale, upande wa mahindi. Kwetu mtu mzima akionekana ameshika gongo, watu huuliza ng'ombe wameelekea wapi. Besiboli niliikuta Marekani, tena sikuikuta uwanjani wala kwenye televisheni. Niliikuta darasani, jioni, mjini Saint Paul, nikiwa na njaa na koti ambalo theluji yake ilikuwa bado haijamaliza kuyeyuka.

Mchana nilikuwa nafanya kazi kwenye ghala moja kule Plymouth, napakia vifaa vya hospitali kwenye makasha. Jioni nilikuwa mwanafunzi wa shule ya watu wazima, natafuta cheti cha sekondari nilichokiacha nyumbani kabla hakijaiva. Mambo mengine yote niliyaweza, lakini hesabu ilinishinda. Sisemi ilinisumbua. Ilinishinda, ikaniangusha, ikanikalia kifuani. Hasa desimali. Kile kinukta, kidogo kuliko mbegu ya wimbi, ukikisogeza hatua moja kushoto, mlima unakuwa kichuguu. Nilikuwa nakiona hata kwenye supu.

Basi jioni moja mwalimu wetu, mama mrefu mwenye sauti ya upole ambayo ingemlaza simba, alikuja na boksi la viatu. Akalifungua mezani. Ndani hakukuwa na viatu. Kulikuwa na nyuso.

Nyuso kwa mamia, kila uso kwenye kadi ngumu isiyozidi kiganja, na nyuma ya kila uso maisha ya mtu yameandikwa kwa herufi ndogo kama miguu ya siafu: alizaliwa mji gani, ana urefu gani, anatumia mkono upi, na mwaka hadi mwaka alipiga mara ngapi na akakosa mara ngapi. Nilishika ya kwanza nikaigeuza, nikaigeuza tena. Kwetu mtu huandikwa hivyo akishakufa, kwenye ile karatasi ya mazishi, na hata hapo makosa yake yanarukwa kwa heshima. Hawa walikuwa wazima, wanatabasamu, na walivyokosa vyote vimechapishwa wazi mgongoni mwao, vikauzwa pamoja na chingamu.

"Huyu," mwalimu akasema, akiinua kadi moja, "alikuwa hodari kuliko wote mwaka huo. Alifaulu mara tatu katika kila kumi. Tunaandika nukta, halafu tatu."

Mzee mmoja wa Bukavu, fundi cherehani, tuliyemwita papa kama wanavyoita wazee kwao, aliyekuwa akikaa nyuma yangu, akainua mkono. "Mwalimu, samahani. Mara saba anakosa?"

"Ndiyo."

"Na watu wanamupigia makofi?"

"Wanasimama kabisa."

Papa akaweka kalamu chini. "Voilà," akasema kwa Kifaransa chake, kisha kwa Kiswahili chetu, akitugeukia sote. "Mimi nimekuwa shujaa maisha yangu yote bila kujua."

Darasa liliangua kicheko hadi taa zikatikisika. Na mimi, nakuapia, ndani ya kile kicheko ile nukta ikaniingia kichwani ikakaa. Toka jioni ile nilizisoma desimali kutoka migongoni mwa wanaume wale kama mtu anayesoma barua za nyumbani. Siku niliyofaulu mtihani nilipiga yowe ambalo nina hakika lilisikika hadi majimbo ya jirani, Dakota zote mbili.

Mwalimu alimruhusu kila aliyefaulu kuchagua kadi moja kutoka kwenye boksi. Ndivyo ugonjwa ulivyoanza.

Unajua tena sisi watu wa Afrika Mashariki. Wanne wakikaa pamoja, kikombe cha kwanza ni chai, kikombe cha pili wanachagua mwenyekiti. Wanne wa darasa lile tuliendelea kukutana baada ya kuhitimu, Jumamosi asubuhi, nyumbani kwangu New Hope, ghorofa ya pili juu ya mtu ambaye hakupenda tucheke. Papa wa Bukavu akawa mwenyekiti kwa sababu ya mvi. Dada mmoja wa Morogoro, anayetunza wazee kule Oakdale, akawa katibu kwa sababu Kiswahili chake hakina mawe. Wa tatu alikuwa dereva wa Nairobi, mtu wa kupeleka abiria uwanja wa ndege, ambaye hakupewa cheo ila alituletea mandazi. Nami nilikuwa mwenye nyumba.

Kazi ya kamati ilikuwa moja. Kila mtu alikuwa na karatasi yake ya plastiki yenye mifuko tisa, zile za kuwekea kadi, na katika mifuko ile unaweka kadi zako tisa bora, ile bora zaidi katikati, nyingine zikiizunguka kwa cheo. Lakini huziweki kimyakimya. Unaitetea kila kadi mbele ya kamati kama mtu anayeleta mchumba, nao wanaihoji. Ukishindwa, kadi inashuka.

Kila mmoja alikuwa na kipimo chake, na hakuna kipimo ambacho mwenye duka lolote la kadi angekitambua. Papa alipanga kwa mavazi. "Tazama hii kola," angesema, "tazama vile suruali inaanguka juu ya kiatu. Huyu alishonewa na mtu mwenye kumuogopa Mungu." Wachezaji wa zamani, waliovaa suruali pana za sufu, aliwaheshimu kama mawaziri. Wa siku hizi aliwasikitikia. Dada alipanga kwa adabu: alimtazama mchezaji machoni akaamua kama huyu ni wa kumpigia mama yake simu au ni wa kusubiri apigiwe. Dereva alipenda nambari tu. "Buda, uso haunipi kitu," alikuwa akiniambia. "Geuza nyuma tuone kazi."

Mimi nilipanga kwa mshangao. Kadi iliyonifanya nishike kichwa ndiyo iliyopanda. Nilikuwa na mdakaji aliyepanda ukuta wa uwanja, mkono mmoja umeshika ukingo, mwingine umetokea upande wa pili kama mtu anayechuma parachichi la jirani. Nilikuwa na mrushaji mnene, kitambi mbele kama ngoma, ambaye goti lake liko juu ya sikio lake. Nilijaribu mkao ule jikoni na mtu wa chini akagonga dari kwa ufagio. Nilikuwa na mzee mmoja mwenye mstari mmoja tu mgongoni, msimu mmoja, basi, halafu nafasi tupu, na bado ametabasamu mbele kama aliyeahidiwa miaka mia. Hiyo niliiweka nambari mbili, na hakuna aliyethubutu kuishusha.

Shida yangu ilikuwa kutetea. Mimi nikisimulia kitu, kitu kinakua. Sidanganyi; kinakua tu, kama unga unapokutana na maji moto. Ukuta wa yule mdakaji niliupa urefu wa mnara wa simu. Nilisema mrushaji mnene alikuwa akila kondoo mzima kabla ya mechi. Kamati ikatunga sheria kwa ajili yangu. Nikifika mahali pa kukua, mwenyekiti anainua kidole, na wote wanapaaza sauti pamoja:

"Sogeza nukta!"

Maana yake nigawe kwa kumi. Kondoo anakuwa mguu wa kuku, na kikao kinaendelea. Nilicheka kuliko wao. Ilikuwa haki.

Sasa, mama yangu.

Mama alikuja kututembelea kiangazi kimoja, baada ya miaka ya kuombwa. Ni mkulima. Alitua Minneapolis na sanduku moja, leso mbili nyekundu za kujitanda na mwavuli. Mwavuli wenyewe alipewa na kampuni ya mbegu kwenye maonyesho ya kilimo, kijani na manjano kwa zamu, na kwenye kipande kimoja cha manjano kuna picha ya hindi kubwa kama mtoto mchanga. Mtu yeyote wa kwetu akiuona mwavuli ule kutoka ng'ambo ya bonde atakwambia ni wa mbegu gani na mwaka ule mvua ilikuwaje. Mama hakuuacha. Alienda nao dukani, kanisani, hata ghalani kwangu Plymouth alipokuja kuona kama kweli nafanya kazi.

Kitu kimoja alikikataa: picha. Nikiinua simu, anainua kiganja. "Uso wangu upo kwenye kitambulisho," anasema. "Unatosha." Alikula chakula chetu, alitia miguu katika ziwa letu, aliwapa wanangu majina ya utani wakamjibu kwa Kiingereza naye akawajibu kwa Kibukusu, kila mtu akaridhika. Lakini hakuna picha hata moja. Alipoondoka aliniambia uwanja wa ndege, "Baba, nimefika, nimeona. Miguu hii haitarudi tena." Huniita baba kwa sababu nina jina la baba yake. Nilirudi nyumbani nikapekua simu yangu nzima. Marekani yote imo. Mama hamo.

Katikati ya ziara hiyo bosi wangu alinipa tiketi mbili za mechi ya mchana, viti vya chini kabisa, ambavyo kwa akili yangu vilikuwa vya magavana. Nikampeleka.

Nimeona vitu. Nimeona Mlima Elgoni ukiwaka moto upande mmoja na kunyesha upande mwingine. Lakini tulipotoka kwenye ule ushoroba wa giza na majani ya uwanja yakatufungukia mbele, nilizidondosha tiketi. Ukiwa umeishi majira ya baridi ya huku, miezi ya weupe na kijivu, halafu ukaonyeshwa kijani kile kwa mara moja, unataka kuvua viatu. Mama alisimama kwenye ngazi, watu wakijipenyeza kumpita, akayatazama majani yale kama hakimu.

"Baba," akasema, "haya ni ya ng'ombe gani?"

"Hakuna ng'ombe, mama. Ni ya kuchezea."

Tukashuka ngazi, tukaketi.

Nikamweleza mchezo. Huyu anarusha, yule anapiga, akipiga anakimbia.

"Anakimbilia wapi?"

"Anazunguka pale, pale na pale, halafu anarudi alipoanzia."

"Kwa hiyo amekimbia bure."

"Akirudi ndiyo wanampa pointi, mama."

Aliwaza. "Basi hao waliotunga wana akili," akasema, na kuanzia hapo akawa anawahimiza wachezaji wa timu zote mbili warudi.

Nikaenda kutafuta chakula. Foleni ilikuwa ndefu, nusu ya Minnesota ilikuwa mbele yangu na nusu nyingine ilikuwa inauliza bei. Niliporudi na soseji na aisikrimu ndani ya kale kakofia ka plastiki wanakouzia uwanjani, mfano wa kofia za wachezaji, mama alikuwa ametulia, mwavuli umefungwa chini ya kiti.

"Jua la hapa kali," akasema tu, akapokea aisikrimu. Kakofia alikaosha chooni akaenda nako Kitale, na hadi leo kanapima chumvi.

Hiyo ndiyo habari yote niliyokuwa nayo.

Mwaka uliofuata, Aprili, wakati theluji ya Minnesota inakataa kuaga kama mgeni aliyeshika kofia mlangoni, nilimpeleka dada wa Morogoro kazini Oakdale kwa sababu gari lake lilikuwa limegoma. Nikarudi kupitia duka moja, nikanunua pakiti mpya ya kadi, nikaifungulia garini hapohapo, wipa zikisukuma theluji. Ya kwanza, si kitu. Ya pili, si kitu. Ya tatu ilikuwa ya mpigaji wa timu ya wageni, wa mkono wa kushoto, gongo limefika begani, kiuno kimejipinda. Nyuma yake umati umeyeyuka, rangi tu, kama kitambaa kilichochujuka. Na juu ya bega lake la kulia, peke yake katika uwanja mzima, kwenye jua linalowaka bila wingu, mwavuli. Kijani. Manjano. Kijani. Manjano.

Nilizima wipa. Sijui kwa nini. Nilizima na redio pia.

Chini ya mwavuli, kidogo nyuma yake, doa jekundu la leso. Na juu ya leso, pale uso ulipotakiwa kuwa, mwanga mweupe tu. Nikaisogeza kadi kwenye kioo, nikaisogeza kwenye taa ya ndani, nikaielekeza mbinguni. Mwanga. Theluji ikafunika kioo cha mbele taratibu hadi nikawa ndani ya boksi jeupe na mwavuli ule, na nilihisi, hapa sikuzi kitu, kama mtu aliyeingia kanisani kukwepa mvua akakuta anaimbiwa yeye.

Jumamosi niliiweka mbele ya kamati. Nilikuwa nimenawa mikono.

"Nambari moja," nikasema. "Mfuko wa katikati. Huyu ni mama yangu."

Wakainama. Wakainuka. Wakatazamana.

"Buda," dereva akasema, "hii ni mwavuli."

"Ya mama yangu."

"Watu wenye mwavuli ni wengi."

"Wapi? Hapa? Jua likiwaka? Umewahi kuona mtu wa Minnesota akifungua mwavuli juani? Hawa wakiona jua wanavua shati! Mwavuli juani katika jimbo hili lote ni mmoja, tangu dunia iumbwe—"

Kidole cha mwenyekiti kikapanda. "Sogeza nukta!" wote watatu.

Nilicheka. Lakini mara hii kiganja changu kilibaki juu ya kadi, na dada akakiona.

"Kaka," akasema polepole, "uliuona umefunguliwa? Ulikuwepo?"

"Nilikuwa foleni."

"Mama alikuambia aliufungua?"

"Hapana."

"Na uso hauonekani."

"Hauonekani."

Papa aliishika kadi kwa ncha za vidole. "Mon petit, mwanangu," akasema, "mimi ninataka ikuwe mama yako. Kweli. Lakini wewe unatuambiaka mambo, na sisi tunagawa kwa kumi. Mama mumoja, ukimugawa kwa kumi, anabakia nini?"

Niliichukua kadi kutoka vidoleni mwake. Swali lile nilikuwa nimejiuliza mwenyewe toka Oakdale. Vitu vyote nikivigusa vinakua. Huenda nilikuwa nimetazama rangi mbili za jamaa yeyote na nikazikuza hadi zikawa mama. Picha pekee ya mama Marekani, na mpigapicha wake huenda ni tamaa yangu.

"Mpigie," dereva akasema. "Simple."

Haikuwa rahisi. Wiki nzima nilikuwa sijampigia kwa ajili hiyo. Mama hasemi uongo wa kumfurahisha mtu. Angesema hakuufungua mwavuli, na kadi ingekuwa kadi.

"Tutampigia," dada akaamua. Wazee anaowatunza husahau mengi, na anajua kumuuliza mtu bila kumpa jibu mkononi. "Lakini nitauliza mimi. Wewe utanyamaza. Unaweza?"

"Naweza kunyamaza kuliko kaburi."

"Sogeza nukta," papa akanong'ona.

Kitale ilikuwa jioni. Simu iliita, ikapokewa, tukasikia kwanza ng'ombe, halafu ndoo, halafu mama.

"Shikamoo, mama," dada akasema.

Mama alicheka. "Ee! Kuna mtu bado ana hiyo! Marahaba, mwanangu. Ni nani?"

Dada akajitaja, akasema yuko kwa kijana wake, hali njema, hakuna aliyeugua, hakuna aliyekufa. Hayo ndiyo ya kusema kwanza ukipiga kutoka mbali. Kisha akasema, "Mama, tunazungumza habari za mchezo ule mlioenda. Kijana wako alikwenda kununua chakula. Ulikaaje peke yako?"

"Nilikaa vizuri. Alichelewa kama aliyeenda kuchinja."

Dereva aliuma andazi asicheke.

"Ulifanya nini wakati huo?"

"Nilitazama. Halafu jua likawa kali, nikafungua mwavuli."

Nilishika meza. Dada alinionyesha kiganja: kimya.

"Ukakaa chini ya mwavuli."

"Hapana. Sikukaa." Ndoo iliwekwa chini. "Kulikuwa na mzee kwenye kiti cha mbele yangu. Mzungu, mzee kabisa. Kichwani hana unywele hata mmoja, na kofia yake ameiweka gotini kama anapiga magoti kwa chifu. Kichwa kimeiva, mwanangu, kama nyanya ya kuanguka. Nikasema, mimi nikae kivulini namtazama huyu anaungua? Nikausogeza mwavuli mbele ukamfunika. Akageuka akaniambia maneno. Nikamwambia, 'Nyamaza, tazama mchezo wako.'"

"Kwa Kiingereza?"

"Kiingereza cha wapi? Kwa Kiswahili. Akanyamaza, akatazama."

"Na wewe, mama? Jua?"

"Jua mimi linanijua. Halafu akaja kijana wa pale, mwenye adabu, akaniomba nifunge, watu wa nyuma hawaoni. Nikafunga. Hakuna ubaya."

Sikuweza tena. "Mama, mbona hukuniambia?"

"Uko hapo? Hukuniuliza. Ulikuja na aisikrimu."

Dereva alikuwa tayari ameishika simu yake juu ya kadi, anakuza picha kwa vidole viwili. Tukakusanyika juu ya kioo kile, vichwa vinne, tukipumua pamoja. Mwavuli ukawa mkubwa, mkubwa zaidi. Na hapo tukaona kile ambacho macho yetu yote yalikuwa yamekitazama na kukipita. Mwavuli haukuwa umesimama wima. Ulikuwa umelala mbele. Chini yake, katikati ya kivuli, kulikuwa na duara la rangi ya waridi, ambalo asubuhi nzima dereva alikuwa ameliita glavu ya mtu. Duara lile lilikuwa na sikio.

Na nyuma ya kivuli, nje yake kabisa, leso nyekundu, na juu ya leso ule mweupe. Uso haukuwa umefichwa. Ulikuwa juani, wote, bila kitu juu yake, na jua lilikuwa limeujaa hadi kamera ikashindwa kuubeba.

Papa alivua miwani, akaifuta kwa mkono wa shati ambalo alilishona mwenyewe na ambalo kwa kawaida haruhusu ligusane na kitu. "Voilà," akasema, safari hii kwa sauti ya mtu anayeongea na sakafu.

"Halo?" mama akasema. "Mmekatika?"

"Tupo, mama," dada akasema, na Kiswahili chake kisicho na mawe kilikuwa na kijiwe. "Mama, upo kwenye kadi."

"Kadi gani?"

"Picha ya mchezaji. Inachapishwa, inauzwa nchi nzima. Wewe upo nyuma yake."

"Nani aliruhusu? Mimi nilikataa picha!"

"Walikuwa wanampiga picha mchezaji, mama," nikasema. "Wewe umetokea tu."

"Mwavuli unaonekana?"

"Unaonekana peke yake uwanja mzima."

"Na hindi, linaonekana?"

"Hindi halionekani, mama. Ni manjano tu."

"Na uso?"

"Uso hauonekani. Jua limeujaa."

Nilimsikia akifikiri. Ng'ombe akalia, naye akamjibu kwa ulimi. "Basi sawa," akasema. "Uso wangu upo kwenye kitambulisho. Na huyo mchezaji wenu, alirudi?"

"Alirudi wapi, mama?"

"Pale alipoanzia."

Dereva, mtu wa nambari, aliigeuza kadi haraka. Nyuma hakuna habari ya siku moja moja. Kuna mwaka wote umejumlishwa. Akanitazama kuomba msaada. Papa akaegemea simu na kusema kwa heshima yote ya uenyekiti wake, "Alirudi, mama. Alirudi muzuri."

"Mungu asifiwe. Sasa niacheni nikamue."

Akakata.

Dada alichukua karatasi yangu ya mifuko tisa. Akamtoa mdakaji wangu wa ukutani kutoka katikati bila kuniuliza, akamsogeza pembeni kwa yule mrushaji mnene, akaitelezesha kadi ya mama mahali pake. Kisha akaandika kwenye kumbukumbu za kikao, kwa mwandiko wake ulionyooka, na hakuna aliyeomba kura.

Nilijimiminia chai kwa sababu mikono ilihitaji kazi. Niliitazama ile kadi ndani ya mfuko wake, kijana wa watu mbele na gongo lake, nikataka kusema jambo dogo, la kiasi, lenye nukta mahali pake. Nilijaribu. Halikutoka.

"Mwavuli ule," nikasema, "ulifunika uwanja wote."

Nikasubiri. Papa aliinua kidole nusu, akakitazama, akakitumia kujikuna ndevu. Dada alikuwa anafunga kalamu. Dereva hata hakunisikia. Alikuwa bado ameinama juu ya simu yake, vidole viwili vimefunguka kwenye kioo, anautafuta mstari mmoja wa manjano baada ya mwingine, anatafuta hindi.